Nyimbo tisa, dakika kumi: upeleke zipi?

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Una nyimbo tisa za taarab ulizotunga, umepewa dakika kumi mbele ya wachapishaji wa muziki kwenye warsha ya Mjini Unguja, na hujui uchague zipi.

Kabla ya sauti, tazama umiliki. Mchapishaji anatafuta wimbo wenyewe, yaani mashairi na muziki wake, na katika taarab mara nyingi beti zina mwenyewe na muziki una mwenyewe. Kila wimbo uwe na karatasi yake: nani kaandika, nani katia muziki, mgao wa asilimia unaofika 100, na saini za wote. Bila ya saini hizo wimbo mzuri kabisa huwekwa kando, kwani hajulikani wa kulipwa. Wenye mgogoro uwache nyumbani. COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, nenda mapema ukasajili nyimbo zako.

Peleka tatu tu. Ule utangulizi wa ala wa dakika mbili, mtamu ukumbini, hapa ukate: sekunde 15, na kibwagizo kiingie kabla ya dakika moja. Udi na sauti vinatosha. Fidla na kodiani zikijaa, maneno huzama. Faili lipe jina la wimbo na la mtunzi pamoja na namba ya simu, si "rikodi mpya 2". Beti zichapwe, na chini yake maana fupi kwa Kiingereza.

Ukipewa mkataba palepale usitie saini. Ondoka nao, usome muda wake, nchi zinazohusika, na kama unakabidhi haki zako au usimamizi tu.