Maswali yenu ya difyusheni: kipi kinasambaa haraka, kipi kinajivuta

Mtu akipuliza pafyumu kule kona naisikia muda huohuo, sasa mbona mnasema difyusheni ni ya polepole?

Kwa sababu iliyokuletea harufu siyo difyusheni, yaani molekuli kusambaa zenyewe toka zilipo nyingi kwenda zilipo chache, ni hewa inayotembea chumbani. Molekuli za hewa zenyewe zina spidi kali, karibu mita 500 kwa sekunde, lakini kila moja inagongana na wenzake mabilioni ya mara kwa sekunde, inarudishwa huku inasukumwa kule, kwahiyo haifiki mbali. Hewa ingetulia kabisa harufu ingehitaji siku kadhaa kuvuka mita 3.

Tuliweka pamba ya amonia upande mmoja wa bomba la kioo, ya asidi ya haidrokloriki upande wa pili, mbona pete nyeupe haikutokea katikati?

Amonia ni nyepesi, uzito wa molekuli yake ni 17 kwa 36.5 ya ile gesi ya asidi, kwahiyo inasogea haraka zaidi na zinakutana karibu na pamba ya asidi, na pete inatokea pale zinapokutana. Mkemia Thomas Graham wa Scotland aliliona hili karne ya 19: kasi inafuata kipeuo cha pili cha uzito, kwa kinyume. Ndo maana haidrojeni inapenya vitundu vidogo kwa kasi mara 4 ya oksijeni, ingawa uzito wameachana mara 16.

Sukari nisipokoroga itachukua muda gani?

Hapa ndo napapenda. Kwenye maji, difyusheni ni ya chini kuliko kwenye hewa kwa karibu mara 10,000 maana molekuli zimebanana. Maji yakitulia kabisa sukari inapanda sentimita 1 kwa siku moja hivi. Ukidhani sentimita 10 ni siku 10 umekosea, ni kama siku 100! Umbali ukizidi mara 10 muda unazidi mara 100, na hiyo inatokana na kazi ya mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick ya mwaka 1855.

Kama ni polepole hivyo seli zinapataje oksijeni?

Umbali ni mdogo mno. Maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) oksijeni inavuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, sentimita 1 masaa kama 7, ndo maana mwili umejaa mishipa midogo ya damu kila mahali.

Joto linasaidia?

Ndio. Maji ya 60°C yanapitisha vitu karibu mara mbili ya yale ya 25°C, hasa kwa kuwa mnato, yaani ugumu wa maji kutiririka, unapungua.