Resitativo: nihesabu mapigo au niseme tu?

SWALI: Kwaya yetu inaandaa sehemu ya wachungaji katika Messiah ya Handel, kwa maneno ya Kiswahili kutoka Luka 2. Nimepewa solo ya soprano, nayo ni resitativo, yaani uimbaji ulio karibu na kuongea. Mwalimu anataka nihesabu mapigo manne kama noti zinavyosema. Mpiga kinanda anasema niimbe kama ninayeongea. Nimsikilize nani?

JIBU: Wote wawili, ila kila mmoja kwa ukurasa wake. Hapo Handel ameweka resitativo nne zinazopokezana. Ya kwanza, wachungaji makondeni, na ya tatu, malaika anaposema "Msiogope", ni za aina iitwayo sekko: unasindikizwa na besi na kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kinanda tu. Ya pili na ya nne ni akompanyato, yaani zinasindikizwa na okestra. Humo violini zinakimbia kwa noti fupifupi, na ukiacha mapigo mtatawanyika. Handel mwenyewe ameandika Andante (mwendo wa wastani) juu ya ya pili, Allegro (mwendo wa haraka) juu ya ya nne. Hizo mbili zihesabu, tena bila kuyumba.

Kwenye sekko, panda na shuka kama ilivyoandikwa, lakini muda wa noti uchukue kwenye maneno. Mapigo manne yapo zaidi kwa ajili ya mpiga kinanda, ajue kordi inabadilika kwenye neno gani. Soma aya kwa sauti kama msomaji wa somo kanisani, kisha iimbe kwa mwendo uleule. Waimbaji wengi huburuta hapa wakidhani ndiyo heshima. Matokeo yake wachungaji wanasikika wamelala.

Tabu yako halisi itakuwa mkazo. Maneno ya Kiingereza ya Handel mara nyingi huishia kwenye silabi nzito, nayo huangukia pigo kuu. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka "ni" ya "makondeni" kwenye pigo kuu, msikilizaji atasikia "makondeNI", na hakuna Mswahili anayesema hivyo. Gawanya noti ya mwisho: "de" ipige kwenye pigo, "ni" ifuate kwa wepesi kwenye sauti ileile. Katika aria, yaani wimbo kamili wa mwimbaji mmoja, nisingethubutu, lakini resitativo huruhusu noti kugawanywa ili silabi zikae.

Ukishapata noti mbili za sauti moja mwishoni, desturi ya karne ya 18 inakuruhusu kuipandisha ile ya kwanza hatua moja, kisha ushuke. Telemann, mtunzi Mjerumani wa wakati wa Handel, alitoa mifano ya jambo hili katika dibaji ya kantata zake (tungo za kuimbwa kanisani) za 1725. Usifanye hivyo kila sentensi. Mara moja au mbili zinatosha, na mwambie mpiga kinanda mapema ni wapi.

Msisimame kati ya resitativo hizo nne. Ya mwisho inaingia moja kwa moja kwenye kwaya ya "Utukufu kwa Mungu", kwa hiyo wanakwaya wawe wamesimama tayari kabla hujaianza.