Mama anasahau: je, bakteria wa tumboni ndio chanzo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Tunaishi Arua na mama yangu, ana miaka 73. Huu ni mwaka wa pili anasahau: anatia chumvi mara mbili sufuriani, wajukuu anawaita kwa majina ya wadogo zake waliofariki. Muuza dawa mmoja sokoni anasema Alzheimer inaanzia tumboni, bakteria wabaya wanapanda hadi kwenye ubongo, na ana dawa ya kusafisha utumbo. Kuna ukweli? Na kama ni bakteria, kwa nini tusimpe antibayotiki?

JIBU: Marahaba, dada. Pole kwa kuuguza. Kuna ukweli kidogo katika maneno ya huyo muuzaji, ndiyo maana yanashawishi. Dawa yake usinunue.

Si lazima bakteria wapande wenyewe. Kemikali wanazotengeneza huingia kwenye damu, huamsha chembe za kinga, na ishara nyingine hupita kwenye neva ya vagasi inayounganisha utumbo na ubongo. Katika Alzheimer, protini ya amiloidi hujilundika nje ya seli za ubongo, na ile ya tau hujisokota ndani yake. Ubongo una walinzi wake, mikroglia, wanaozoa uchafu huo. Wakichokozwa muda mrefu, huanza kuharibu seli walizopaswa kuzilinda, na inaonekana kemikali za utumbo zina sauti katika kuwachokoza.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walitumia panya wenye tau yenye kasoro na jeni ya binadamu ya APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer. Waliokuzwa bila kijidudu chochote ubongo wao uliharibika kidogo sana. Walipopewa asidi fupi za mafuta, zile zile ambazo bakteria hutengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula, madhara yalirudi. Hapo ndipo mimi huwa makini, maana asidi hizo hizo ndizo zinazolisha ukuta wa utumbo, yaani zina faida pia. Mwaka huo huo, watafiti wa Cork, Ireland, waliwapandikizia panya bakteria kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa wa Alzheimer, na kumbukumbu ya panya hao ikadhoofika.

Kwa binadamu, baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wana aina chache zaidi za bakteria. Lakini mtu anayesahau kula, au anayekula kitu kimoja kila siku, bakteria wake nao hubadilika. Kipi kilitangulia, hakuna aliyethibitisha.

Kuhusu antibayotiki: katika jaribio la St. Louis zilisaidia panya madume tu, tena walipopewa wakiwa wachanga, kabla ubongo haujaharibika. Mama yako akipewa bila sababu atapoteza bakteria wenye faida, anaweza kuharisha vibaya, na siku akiugua kweli dawa inaweza isimfae. Usimpe.

Chakula ni jambo jingine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Lira na baadaye hospitali ya Mulago, hapa Uganda, ndiye aliyeifanya dunia izungumzie nyuzinyuzi, baada ya kuona vyakula vya watu wa huku. Maharage, mboga ya dodo (mchicha), ugali wa wimbi, bushera (kinywaji cha nafaka kilichochachushwa): mpe mama kwa afya yake yote, bila kutarajia virudishe kumbukumbu.

Ninalokuomba zaidi ni kumpeleka hospitali, kwa sababu si kila kusahau ni Alzheimer. Waombe wapime tezi ya shingo (thairoidi), vitamini B12, sukari, presha, kaswende na virusi vya UKIMWI, na wamuulize kuhusu huzuni. Mengi ya hayo yanatibika. Beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Kloferamini, ile ya mafua inayonunuliwa dukani, inaweza kumchanganya mzee akili. Na kama siku moja atachanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje: mpeleke siku hiyo hiyo.