Kurudi kibanjani Bukoba: anza na mipaka

Ukirudi Bukoba baada ya miaka mingi Dar es Salaam, usikimbilie kumwita fundi wa nyumba. Zunguka kwanza kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, pamoja na majirani wa kila upande, mzee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji. Tafuteni milamula, mimea inayopandwa mpakani kama alama. Tawi la mlamula hushika likichomekwa tu ardhini, kwa hiyo kuusogeza mpaka ni kazi ya usiku mmoja. Mkikubaliana, andikeni, kila mmoja atie sahihi, kisha uombe hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Mkishindwana, nendeni baraza la ardhi la kijiji mapema, maana dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12.

Siku hiyohiyo muulize kwa upole aliyekutunzia kibanja kama kahawa imeuzwa kwa butura, yaani ingali maua au mbichi mtini. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini bado ipo, na mnunuzi atakuja na magunia msimu wa kuvuna. Usipong'amua mapema, utagombana na watu wawili kwa mpigo. Mazao aliyopanda mtunzaji mwenyewe mwachie ayavune.

Jiunge na chama cha kuzikana wiki ya kwanza. Michango uliyotuma kwa simu ilipokelewa, ila sasa unasubiriwa uchote maji na kupasua kuni msibani.

Migomba ndiyo itakayokusumbua zaidi. Kagua mnyauko: majani huwa ya njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Kata shina lenye dalili usawa wa ardhi, kisha choma panga motoni kabla ya kugusa jingine, kwa kuwa panga ndilo linalosambaza ugonjwa kibanja kizima. Kichane cha mwisho kikishatokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Wadudu huingiza ugonjwa kupitia hapo. Ndugu watakuletea machipukizi kama zawadi ya kukukaribisha. Ni upendo wa kweli, lakini usipande chipukizi kabla hujaliona shamba lilikotoka.

Panda mwanzoni mwa vuli, Septemba. Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande na kwenda chini, yaachane mita 3, uchanganye udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza. Tandaza nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, lakini zisiguse shina, la sivyo fukusi watajificha humo. Baadaye acha mashina matatu tu kwa kila shimo: mama, binti na mjukuu. Mkungu wa kwanza huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa hiyo tenga fedha za chakula za muda huo wote, na upande maharage katikati ya mashimo.