Maiki ya hedifoni imegoma kwenye kompyuta ya mezani? Iache kwanza draiva

Mkuu, umesema hedifoni yako ya pini moja inasikika vizuri kwenye kompyuta ya mezani ila maiki haishiki, na umeshafuta na kurudisha draiva ya sauti (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha sauti) mara tatu. Mimi naanza kuituhumu pini.

Ichomoe uitazame. Hesabu vile vipete vyeusi. Vikiwa vitatu, hiyo ni pini ya simu: ina sehemu nne, yaani kushoto, kulia, ethi (njia ya kurudishia umeme) na maiki. Tundu la kijani nyuma ya mashine ni la kutoa sauti tu. Maiki ina tundu lake la pinki. Hapo hata ubadilishe draiva mpaka asubuhi. Tafuta waya wa Y wenye tundu moja upande huu na pini mbili upande ule. Angalia usiuziwe wenye pini moja na matundu mawili, ule mara nyingi ni wa watu wawili kusikiliza pamoja. Mimi niliuziwa huo, na nikarudi dukani nikiwa na hasira za bure.

Ukishachomeka, bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, fungua upande wa kurekodi kisha ongea. Vistari vya kijani vikipanda, sauti inaingia. Vinapanda lakini Zoom hawakusikii? Angalia Zoom imechagua maiki ipi, halafu pitia mipangilio ya faragha ya Windows, kuna swichi ya maiki watu wengi hawaijui.

Kisa changu sasa. Matundu ya mbele yalikufa ghafla, ya nyuma yanapiga kama kawaida. Nikahangaika na draiva usiku mbili, nikapiga Windows upya, bando likaisha. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kuwa wiki ile fundi alikuwa ameipuliza vumbi. Nikazima, nikachomoa umeme, nikafungua kava: kiwaya kimelala chini kabisa, kichwani kimeandikwa HD AUDIO, hakijachomekwa popote. Kina matundu tisa, la kumi limezibwa, kwa hiyo kinaingia kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine) kwa upande mmoja tu. Sekunde tano, kazi imekwisha. Kumbe nyuma kuongea na mbele kununa ilitosha kuniambia tatizo ni waya!

Draiva naishuku pale tu sauti ilipokuwepo jana, Windows ikajisasisha usiku, asubuhi kimya mbele na nyuma. Hata hapo, hakikisha kwanza sauti haijahamia kwenye kioo kupitia HDMI, ule waya wa picha. Bofya alama ya spika uone inaelekea wapi. Ikiwa sivyo, Windows na R tena, andika devmgmt.msc, fungua kifaa cha sauti, nenda kwenye draiva urudishe ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, chagua kusasisha kwa mkono, uende kwenye orodha iliyomo ndani ya mashine, uchukue High Definition Audio Device. Hiyo ni ya Windows yenyewe, haina mbwembwe, na haihitaji bando. Zile programu za "kutafutia draiva" usiziguse, zitakujazia takataka.

Kwa hiyo hesabu vipete ulete jibu, na useme unachomeka mbele au nyuma.