Je, Mwili Wangu Umeizoea Dawa?

SWALI: Mheshimiwa Daktari, miezi michache iliyopita nilipata maumivu wakati wa kukojoa, nikaandikiwa amoksilini ya siku saba. Siku ya tatu nilijiona nimepona, nikavihifadhi vidonge vilivyobaki. Baada ya miezi miwili maumivu yalirudi, nikavimeza vile vya akiba lakini sikupata nafuu, na nilipopimwa mkojo niliambiwa kuna usugu. Jirani yangu anasema mwili wangu umeizoea dawa, hivyo nikae mwaka mzima bila kuitumia. Je, ni kweli? Na kama ningemaliza dozi, yangenipata haya? – Msomaji wa kike

JIBU: Nianze na jirani yako, kwa kuwa analosema husemwa na wengi, tena si jambo la kipuuzi. Zipo dawa ambazo mwili huzizoea kweli, kama vile baadhi ya dawa za usingizi na zile za maumivu makali za jamii ya mofini, hata mgonjwa akahitaji kipimo kikubwa zaidi ili apate nafuu ileile. Antibiotiki hazimo katika kundi hilo. Amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria, na seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Waliobadilika ni bakteria unaowabeba, wala si wewe. Ndiyo maana bakteria sugu wanaweza kumwambukiza mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo, naye akakuta haimsaidii.

Maambukizi mengi ya njia ya mkojo husababishwa na Escherichia coli, bakteria ambao makao yao ya kawaida ni utumbo mpana. Wakipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kiasi kwamba mmoja akiachwa kwa saa kumi anaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Katika umati wa namna hiyo hazikosekani hitilafu za hapa na pale katika kunakili jeni, na mara mojamoja hitilafu humpa bakteria kinga dhidi ya dawa. Mbali na hayo, bakteria hupeana jeni za usugu zilizobebwa kwenye vipande vidogo vya DNA viitwavyo plazmidi, na kupeana huko hakungoji wawe wa jamii moja. E. coli wengi walio sugu kwa amoksilini hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi yake. Si jambo geni: Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya cha aina hiyo mwaka 1940, wakati penisilini yenyewe ilikuwa bado haijaanza kutumika kwa wingi.

Sasa turudi kwenye vidonge vyako. Kila ulichomeza kilikusudiwa kibofu, lakini kilipita pia utumboni, kikawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wachache waliokuwa na kinga. Inaelekea ni hao waliopanda kwenye njia ya mkojo safari ya pili, na ulipowarudishia dawa ileile uliwaondolea washindani tu. Hapo jirani yako anapata haki yake kidogo, ingawa sababu aliyoitoa si sahihi: usipotumia antibiotiki kwa miezi kadhaa, bakteria wasio sugu huelekea kurudi na kuwapunguza walio sugu. Hata hivyo, nisingeitegemea kalenda kuchagua dawa ya mgonjwa.

Kuhusu kumaliza dozi, siwezi kukuahidi kwamba kungekuepusha na usugu, kwani hata dozi iliyomalizwa huwapepeta bakteria wa utumboni. Kwa maambukizi kadhaa, wataalamu siku hizi huandika matibabu mafupi kuliko zamani, na maambukizi mepesi ya kibofu kwa mwanamke huweza kutibiwa kwa siku tatu au tano kutegemea dawa. Kifua kikuu ni habari nyingine kabisa. Huko kukatisha matibabu ya miezi ni kujitafutia usugu. Jambo la msingi ni kwamba urefu wa dozi hupangwa kwa kuangalia ugonjwa na dawa, nao haupimwi kwa jinsi mgonjwa anavyojisikia siku ya tatu. Ukiona umepona mapema, muulize aliyekuandikia kabla ya kuacha. Kosa ambalo silionei shaka ni ile akiba: vidonge vilivyobaki havikutosha dozi, na hukuwa na njia ya kujua kama vilifaa kwa maambukizi mapya.

Maumivu yakirudi tena, omba mkojo uoteshwe kabla hujameza dawa yoyote. Fundi wa maabara huwapanda bakteria wako juu ya sahani yenye chakula chao, kisha hupanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Kesho yake sahani huwa imefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa pale ambapo dawa imewazuia, na hapo huonekana duara safi kuzunguka karatasi. Fundi hupima upana wa kila duara kwa rula. Karatasi ambayo utando umeifikia hadi ukingoni ni ya dawa isiyokufaa.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne ana mafua na makamasi yamegeuka kijani. Kwa nini daktari amekataa kumpa antibiotiki? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Rangi hiyo hutoka kwa chembe nyeupe za damu, ambazo hubeba kimeng'enya cha kijani na hujaa puani hata pale adui anapokuwa virusi. Mafua huletwa na virusi, na virusi hawana ukuta ambao dawa kama amoksilini ingeuvuruga. Mtoto angeambulia kuharisha au vipele. Mpe vinywaji vya kutosha na umsafishe pua. Mrudishe upesi akipumua kwa shida au kwa kasi isiyo ya kawaida, akilegea, akishindwa kunywa, akilalamika maumivu ya sikio, au homa ikishuka kisha ikapanda upya. Dalili zikidumu zaidi ya siku kumi bila dalili ya nafuu, daktari atampima tena, na huenda safari hiyo akaiandika dawa aliyoikataa.