Anti, Kituruki nianzie wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Mwezi ujao naenda Istanbul mara ya kwanza kufata nguo za duka langu Kariakoo. Kiingereza changu kiko poa nikajua mambo yameisha, sasa shosti aliyetangulia ananiambia pale Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, Kiingereza utaongea na ukuta. Nimedanlodi app, wiki mbili nzima nafundishwa kwa Kiingereza eti kitenzi kinakaa mwisho, sijui viambishi, kichwa kinaniuma tu. Nimebakiza wiki tatu, nishike nini niache nini? (Mama Nguo, Ilala)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hiyo marahaba usiiachie maana ndo neno lako la kwanza: merhaba. Ila wao hawasubiri shikamoo, ni salamu ya yeyote kwa yeyote, ukiingia dukani anza wewe.

Shosti hajakudanganya, Laleli wengi walizoea Kirusi tangu wateja wa ile iliyokuwa Sovieti walipoanza kumiminika miaka ya 90. Lakini kinachokuumiza kichwa ni hiyo app kukuzungusha kwa Kiingereza. Ona: gelmedim maana yake sikuja. Mwingereza hapo anahitaji maneno manne, sisi na Mturuki moja tu, tofauti sie tunabandika mbele wao wanabandika nyuma, gel ni njoo, me inakataa, di ni iliyopita, m ni mimi. Nyumba ni ev, nyumbani ni evde. Na yeye wa kike na wa kiume wote ni o, raha mustarehe.

Maneno mengine unayo tayari, Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao na kwetu: saat, dakika, hesap, sabun, dükkân, çay, na bahşiş ndo bakshishi ileile.

Kusoma kusikutishe, toka 1928 wanatumia herufi hizi hizi za kwetu wameongeza chache. C ni j, ç ni ch, ş ni sh, na ğ huitamki, inavuta tu irabu iliyotangulia. Ila kuna i isiyo na nukta, hiyo iheshimu, kuna kitenzi cha kubana ukikiwekea nukta kinageuka tusi zito mno. Kitambaa ni kumaş, na hapo mwanangu hiyo sh itamke mpaka mwisho usiishie njiani, wabongo wenzio watacheka barabara nzima.

Hizo wiki tatu nyingi zile kwenye namba, maana bei utatajiwa kwa mdomo haraka haraka: bir, iki, üç, dört, beş, altı, yedi, sekiz, dokuz, on, halafu yüz ni mia na bin ni elfu. Bu ne kadar? ni hii bei gani, toptan ni jumla, çok pahalı ni ghali sana. Na ujue wa jumla wengi hawakatii pisi moja, wanauza seri, yani seti ya saizi zote.

Sasa inayofungua milango ni kolay gelsin. Ukimkuta mtu yuko kazini unamwambia hivyo, ni pole na kazi yetu kabisa, Kiingereza hakina hilo ndo maana wageni wengi wanapita kimya. Muuzaji mwite abi kama kaka, abla kama dada, chai itakuja yenyewe ndo muanze habari za punguzo.

SWALI: Anti, nilikuwa Istanbul nikamuuliza mzee wa duka kama kuna saizi yangu, akainua nyusi, kichwa juu, akanisonya! Nimemkosea nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hujamkosea kitu wala hakukusonya, hiyo ts na nyusi juu kwao ni hapana, yani yok, hamna. Mi mara ya kwanza nilitoka dukani nimenuna kweli, na saizi yangu ilikuwa duka la pili tu.